Lebo isiyombagua mnunuzi: mwongozo kamili kwa wanaofungasha mawese, dagaa, asali na sabuni Kigoma na Tabora

Nimeamua kuandika mwongozo huu kwa sababu kuna kosa moja ninaloletewa kila mara. Mtu anakuja na lebo ya mawese iliyoandikwa "Mafuta ya mama anayejali familia". Tunazungumza, anakubali kwamba hata kijana anayejipikia chumbani kwake Mwanga, mjini Kigoma, ananunua mawese. Anaondoka. Baada ya wiki mbili anarudi na lebo mpya: neno "mama" limefutwa, lakini picha ya mwanamke aliyepiga magoti kumwandalia mume imebaki, na chini yake kuna maneno "Atawahi kurudi nyumbani". Neno limeondoka, wazo limebaki palepale.

Wengine wanakosea kwa njia nyingine. Wanapachika "na akina baba" kila penye "akina mama", lebo inajaa hadi uzito wa bidhaa unakosa nafasi. Na wapo wanaobadilisha rangi tu, waridi inakuwa kijani, wakaona kazi imekwisha.

Kwa bidhaa moja kazi yote, ukiacha wiki za kuhesabu mauzo, inachukua siku tatu au nne. Usiruke hatua. Wanaorudi kwangu wamekwama karibu wote walianza na hatua ya 7, kuandika upya, kabla hawajajua walichokuwa wanasema mwanzo.

## Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Bidhaa yako ikiwa imefungashwa kabisa, kama inavyokaa dukani.
- Lebo, stika na mabango yote uliyowahi kutumia, pamoja na picha za stetasi zako za WhatsApp.
- Daftari, kalamu nyekundu na kalamu ya bluu.
- Mizani inayosoma gramu. Ya kuazima sokoni inatosha.
- Daftari la mauzo ya wiki mbili. Kama huna, lianze leo: kila anayenunua mwekee mstari mmoja, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine.
- Watu sita wasio wa nyumbani kwako, watakaosoma lebo mpya. Watafute mapema.
- Orodha ya yale ambayo lebo ya chakula lazima iyabebe: jina la bidhaa, viambato, uzito au ujazo halisi, jina na anuani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi. Ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) au afisa wa TBS (shirika la viwango) atakusaidia kuihakiki.

Orodha hiyo ya mwisho ibandike ukutani mbele yako. Nafasi kwenye lebo ni ndogo, na kila sentensi inayohusu ndoa ya mteja inakula nafasi ya sentensi inayohusu bidhaa.

## Hatua ya 1: Kusanya maneno yote unayouzia

Usianze na lebo peke yake. Andika kwenye daftari kila sentensi inayotoka kwako kwenda kwa mnunuzi: ya kwenye chupa, ya kwenye bango la kibanda, ya stetasi, ya kipaza sauti kilichofungwa kwenye baiskeli. Kisha mwombe kijana anayekuuzia mnadani akuruhusu umrekodi kwa dakika kumi akiwa kazini.

Rekodi hiyo ndiyo muhimu zaidi, maana maneno makali yako mdomoni kuliko kwenye karatasi. Lebo inasema "Dagaa bora wa Kigoma" na haina tatizo lolote, wakati muuzaji anapiga kelele "Baba toa hela, mama akapike!" Kwa sentensi moja amekwisha kuamua mwenye fedha ni nani na wa jikoni ni nani. Dada aliyesimama pale na pesa yake mkononi amesikia.

Tahadhari: usimsahihishe kijana wako siku hiyo. Ukimsahihisha ataanza kuchagua maneno, na rekodi haitakuonyesha hali halisi.

Unatakiwa kupata kurasa mbili au tatu. Ukipata nusu ukurasa, rudi mnadani.

## Hatua ya 2: Piga mistari kwa rangi mbili

Kwa nyekundu, pigia mstari kila neno linalotaja jinsia: mama, baba, mke, mume, mrembo, malkia, kidume, dume, mwanamke wa shoka, za kiume, za kike.

Kwa bluu, pigia mstari kila ahadi inayohusu maisha ya mnunuzi na haihusu bidhaa: kupendwa, kuheshimiwa, kutulia kwa ndoa, kuonekana mwanaume, kutoachwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Kiswahili kimetupa zawadi kubwa. "Anapika", "ametumia", "mpishi", "mkulima", "mteja", "mlezi": hakuna hata moja linalosema kama ni mwanamke au mwanaume. Wanaoandika kwa Kifaransa, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, wanalazimika kuchagua jinsia karibu kila wanapotaja mtu. Sisi hatulazimiki. Sentensi yetu ikiachwa ilivyo inamchukua kila mtu, kwa hiyo jinsia ikionekana kwenye lebo ya Kiswahili, ujue kuna aliyeiingiza kwa mkono wake. Na aliyeiingiza kwa mkono anaweza kuitoa.

Kama ukurasa wako una bluu nyingi kuliko nyekundu, usishangae. Ni kawaida, na bluu ndiyo ngumu kuitoa.

## Hatua ya 3: Uliza kama bidhaa inaujua mwili

Kwa kila mstari mwekundu jiulize swali moja: je, bidhaa hii inafanya kazi tofauti kwenye mwili wa mwanamke na wa mwanaume?

Taulo za hedhi, ndiyo. Sidiria, ndiyo. Hapo kutaja mtumiaji ni kumsaidia apate anachohitaji, na neno libaki bila aibu. Mawese, hapana. Dagaa, hapana. Kahawa, hapana. Chumvi ya Uvinza, hapana. Sabuni ya mise, yaani ya mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi, inatoa uchafu kwenye shingo yoyote.

Mwaka 2012 kampuni ya BIC ilijikuta ikichekwa na watu kwenye mtandao wa Amazon kwa kuuza kalamu za "kwa ajili yake", yaani mwanamke. Wino ni wino. Lakini tusiwatazame wao tu. Kahawa ya Manyovu inafungashwa kwa picha ya wazee wa kiume barazani, kama kwamba hakuna mwanamke Ujiji anayechemsha kahawa nyumbani kwake asubuhi. Na unga wa lishe unaandikwa "Mama, mpe mwanao", wakati mtoto huyo analishwa na bibi, na dada wa kazi, na baba ambaye mke wake yuko safarini. "Mpe mtoto kuanzia miezi 6" inamfikia kila anayeshika kijiko.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu asali, kwa sababu Tabora ndipo ninapoumia zaidi. Asali ya miombo ya Sikonge, Urambo au Kaliua ni mali ya kujivunia, ila chupa nyingi ninazoziona zimeandikwa "nguvu za kiume", "heshima ya ndoa", "asali ya wanaume". Madhara yake ni matatu.

Kwanza, chakula hakitakiwi kudai kwenye lebo kwamba kinatibu tatizo la mwili. Siku ukitaka alama ya ubora, sentensi hiyo ndiyo itakayokurudisha nyuma.

Pili, mwanamke anayetaka asali ya chai ya watoto anaiacha chupa hiyo rafuni. Haoni namna ya kuiweka mezani kwake mbele ya wageni. Hata wanaume wengi wanaona haya, wanainunua jioni na kuifunga kwenye gazeti. Umechukua chakula cha familia nzima ukakigeuza kuwa siri.

Tatu, na hili linanigusa kuliko yote: nafasi hiyo ilipaswa kubeba onyo. Asali haipewi mtoto wa chini ya miezi 12, hata kidogo, hata ya kulambishwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga bado, na sumu inayotokea humo inalegeza misuli hadi ya kupumulia. Nimeshika chupa kumi za asali zenye neno "wanaume" na sikuona hata moja yenye neno "mtoto".

Ukimaliza hatua hii, kila mstari mwekundu uwe na alama: "inabaki" au "inatoka". Kwa vyakula na sabuni za kawaida, zinazobaki ni sifuri.

## Hatua ya 4: Kagua vitenzi

Hapa ndipo lebo iliyokwisha kuondolewa "mama" inanaswa.

Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika vitenzi vyote ambavyo tangazo lako limempa mwanaume, upande wa pili vya mwanamke. Mara nyingi utaona hivi: mwanaume atashinda, atajenga, atatoa, ataongoza. Mwanamke atapendwa, atasifiwa, atatunzwa, hataachwa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Kiswahili kinatuzoesha hivyo tangu utotoni, mmoja anaoa na mwingine anaolewa, kwa hiyo mkono unaandika bila kufikiri. Si kazi ya mfungashaji kubadilisha sarufi ya ndoa. Ila kipande cha sabuni cha shilingi elfu moja hakina sababu ya kuiendeleza.

Dawa yake ni moja na ni rahisi: mtendaji awe mnunuzi, mtendwa iwe bidhaa. "Pasha moto kijiko kimoja." "Roweka dakika kumi." "Tikisa kabla ya kufungua." Kauli ya kuamuru haina jinsia, ni fupi, na inamfundisha mtu kutumia alichonunua.

Angalia pia vitenzi vinavyomdharau mwanaume. "Rahisi hata baba anaweza" kwenye pakiti ya dagaa inamwambia mwanaume hana akili ya jikoni, na inamwambia mwanamke kwamba jiko litabaki lake daima. Uingereza mamlaka ya viwango vya matangazo ilianza tarehe 14 Juni 2019 kutumia kanuni inayokataza matangazo yenye dhana za kijinsia zenye madhara. Miongoni mwa matangazo mawili ya kwanza kuzuiwa, moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia lililoonyesha akina baba wasioweza kuangalia watoto wachanga. Wanaume wa kwetu nao wanastahili ulinzi huo. Wavuvi wanajipikia kambini miezi mingi ya mwaka, na wanapika vizuri.

Utajua umefaulu ukifuta majina yote ya watu kwenye tangazo na bado likaeleweka.

## Hatua ya 5: Picha na rangi

Rangi ya waridi haina kosa. Kosa ni kuitumia kama mlango wenye maandishi "wanaume msiingie". Kikundi kimoja cha wanawake Ujiji nilikitengenezea lebo ya sabuni ya mise, waridi tupu yenye uso wa binti. Niliipenda sana. Wavuvi walifika kibandani wakauliza kama kuna sabuni ya wanaume, wakaambiwa hakuna, wakaondoka. Sabuni ilikuwa ileile ambayo ingewafaa kuondoa shombo ya samaki mikononi. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo rangi naitafuta kwenye bidhaa yenyewe: wekundu wa mawese, kahawia ya asali, fedha ya dagaa.

Kwa picha, chagua kati ya bidhaa, mahali inapotoka, au mikono ikifanya kazi. Picha ya mtu ukiitaka, iwe ya kweli. Mwaloni Kibirizi wanaume wanatoka ziwani alfajiri na wanawake wanapokea dagaa na kuwaanika. Ukiweka mtumbwi peke yake umeficha nusu ya kazi. Kwa asali, mzinga wa gogo ulioning'inizwa juu mtini tumeuzoea pamoja na mwanaume anayeupanda. Mizinga ya kisasa ya sanduku inaweza kuwekwa chini, na wanawake wanaihudumia pia. Tena mara nyingi anayechuja na kufungasha ni mwanamke ambaye sura yake haijawahi kuonekana popote kwenye chupa.

Tahadhari: usigeuze tu majukumu, mwanaume na aproni, mwanamke na suti. Msomaji anaona umemwekea maigizo.

## Hatua ya 6: Pima, piga hesabu

Hatua fupi, lakini ifanye. Kama unauza bidhaa moja kwa sura mbili, ya kike na ya kiume, weka zote mbili kwenye mizani.

Kipande cha gramu 100 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 10 kwa gramu. Kipande cha gramu 80 kwa shilingi 1,000 hizohizo ni shilingi 12.50 kwa gramu. Anayenunua cha pili analipa robo zaidi kwa sabuni ileile. Jiji la New York lililinganisha karibu bidhaa 800 na kutoa ripoti mwaka 2015: za wanawake zilikuwa ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 7, na kwa vitu vya usafi wa mwili asilimia 13.

Ukikuta tofauti, na ndani ya kifungashio hakuna kilichoongezwa, unganisha bidhaa ziwe moja. Utaokoa hata gharama ya kuchapa lebo za aina mbili.

## Hatua ya 7: Andika upya

Fuata mpangilio huu: ni nini, imetoka wapi, imetengenezwaje, itumiweje, ihifadhiweje, onyo. Usianze na sifa. Sifa nzuri kuliko zote ni jambo la kweli ambalo mwenzako hawezi kulisema.

Mawese. Kabla: "Siri ya mke mwema. Akionja hali nje tena."

Baada: "Mafuta ya mawese, lita 1. Yamekamuliwa Simbo, Kigoma. Kwa maharage, sombe na migebuka. Usiyachome hadi yapoteze wekundu. Yakiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu."

Sentensi ya wekundu ina sababu. Rangi hiyo inatokana na karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali wa muda mrefu unaiharibu. Watu wengi wanachoma mawese mpaka yawe meupe bila kujua wanachopoteza. Lebo yako inaweza kuwaambia, na hilo ni jambo la maana kuliko kumtisha mtu kwamba mumewe atakula nje.

Dagaa. Kabla: "Mama wa Kigoma hakosei. Pika, wakusifie."

Baada: "Dagaa wa Kigoma, gramu 250. Wamekaushwa juu ya chanja, hawajagusa mchanga. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kaanga kwa kitunguu na nyanya. Hifadhi pakavu."

Aliyewahi kutafuna mchanga kwenye dagaa anajua uzito wa neno "chanja". Hutahitaji sifa nyingine. Ila kama wako umewaanika mchangani usiliandike, andika ulichofanya.

Asali. Kabla: "Asali ya wanaume wa shoka. Rudisha heshima."

Baada: "Asali ya nyuki wa miombo, gramu 500. Imevunwa Sikonge, Tabora. Haikuongezwa kitu. Kuganda ni kawaida ya asali. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Funga kizibo vizuri. Asipewe mtoto wa chini ya miezi 12."

Malalamiko makubwa ya wateja wa asali ni kwamba ikiganda wanadhani imetiwa sukari. Sentensi moja inaondoa ugomvi huo, na inakaa pale pale zilipokuwa "nguvu za kiume".

Sabuni ya mise. Kabla: "Ng'ara dada, wakugombanie."

Baada: "Sabuni ya mafuta ya mise, gramu 100. Kwa kuogea na kunawa mikono. Inatoa shombo ya samaki. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi."

Kuna atakayeniambia sasa lebo haina ladha. Ladha iko kwenye mahali na kwenye kazi. Simbo, Sikonge, chanja, shombo: haya ni maneno yenye harufu na mtu wa kwetu akiyasoma anasimama. "Mrembo" liko kwenye kila sabuni nchini.

Neno juu ya adabu, kwa sababu naulizwa sana. Muuzaji anapomwita mteja "mama", "baba", "dada", "kaka" au "shangazi" ana kwa ana, hiyo ni heshima yetu na isiguswe. Salamu inamhusu aliyesimama mbele yako. Lebo inawahusu wote ambao hujawaona, na ndiyo maana haiwezi kuwaita jina moja. Tazama tulivyosema "mama lishe" miaka yote, na wanaume walipoingia kwenye kazi hiyo tukaanza kusema "baba lishe" bila mtu kulazimishwa. Lugha inafuata watu walipo.

## Hatua ya 8: Wape watu sita wasome

Wanawake watatu, wanaume watatu, umri tofauti. Awepo mmoja anayeishi peke yake, na mmoja anayefanya kazi ya mikono. Mpe kila mtu chupa peke yake, wasisikilizane. Usiulize "Umeipenda?" Atasema ndiyo ili asikuudhi. Uliza haya:

Bidhaa hii anaitumia nani? Anaenda kuinunua nani? Inasema itakufanyia nini? Kuna mtu angeona aibu kuibeba sokoni?

Andika majibu kwa maneno yao wenyewe. Jibu unalolitaka kwa swali la kwanza ni la kazi: "anayepika", "anayeoga", "mwenye chai". Watano kati ya sita wakijibu hivyo, umefika. Wawili wakisema "wanawake" au "wanaume", maneno yako huenda ni mazima na kosa liko kwenye picha. Rudi hatua ya 5. Mtu akisema angeona aibu, kaa naye, mwache aeleze, usimkatize.

## Hatua ya 9: Chapa kidogo, kisha funza mdomo

Usichape stika elfu moja. Chapa 50 kwenye steshenari, bandika, uza wiki mbili. Kama bidhaa yako imekwisha kusajiliwa, mwonyeshe afisa wa TBS au SIDO lebo mpya kabla ya kuchapa nyingi, maana lebo ni sehemu ya kile ulichosajili.

Wakati huo huo rudi kwa kijana wa mnadani na rekodi ya hatua ya 1. Sikilizeni pamoja. Usimpe hotuba, mpe maneno mengine ya kupigia kelele, yenye mdundo, la sivyo kesho atarudi kwenye ya zamani. "Dagaa wa chanja hao! Hakuna mchanga! Tafuna usikie!" Ukimwachia aonjeshe wateja, mkono wake utafanya kazi ambayo maneno yalikuwa yanajaribu kuifanya.

Baada ya wiki mbili fungua daftari la mauzo. Hesabu mistari ya pande zote mbili, ulinganishe na ile ya mwanzo. Upande uliokuwa mfupi ukirefuka, chapa nyingi. Usiporefuka, usikimbilie kulaumu lebo: angalia kwanza bidhaa imewekwa wapi dukani. Sabuni iliyopangwa kati ya nywele bandia na wanja, mvuvi haifikii mkono. Ihamishe kando ya chumvi na viberiti, hesabu tena wiki mbili nyingine.

Stika za zamani zilizobaki zisirudi kwenye chupa, hata chupa za akiba. Zigeuze, andikia hesabu za dukani upande mweupe.